Pongezi kwa Wasanifu Majengo

Wengi hudhani kazi ya msanifu majengo ni kuchora ramani tu. Kumbe kalamu huja baadaye. Kwanza humsikiliza mteja: watalala wangapi, mfuko unaruhusu nini. Kisha hukanyaga kiwanja, kuona jua linachomozea wapi na maji ya mvua yanaelekea wapi. Kwa mfano, msanifu Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, miaka ya 1970, aliliwekea paa la miavuli ya zege, mfano wa miti ambayo wachuuzi hujikinga jua chini yake. Tena alilisanifu paa hilo likusanye maji ya mvua. Baada ya kukagua kiwanja hufuata mchoro wa awali, michoro kamili, kibali cha halmashauri, makadirio ya gharama (hapo wateja hununa), halafu zabuni. Hongera zaidi kwa anayerudi saiti kukagua nondo kabla zege halijamwagwa.