Viboko vya Toba: Kuihakiki Fiqhi ya Abdallah bin Yasin

Ndugu msomaji, huenda umewahi kukisikia kisa cha Abdallah bin Yasin al-Jazuli juu ya mimbari. Yahya bin Ibrahim, mkubwa wa kabila la Gudala katika Waberberi wa Sanhaja, alirudi kutoka Hija akapitia Qairawan, akamlalamikia Abu Imran al-Fasi kwamba watu wake jangwani hawana wa kuwasomesha. Abu Imran akamwelekeza kwa Wajjaj bin Zallu huko Sus, na Wajjaj akamtoa mwanafunzi wake Abdallah. Watu wakamchoka mwalimu huyo kwa ukali wake, naye akajitenga kisiwani na wafuasi wachache. Wakakua wakafika elfu moja, wakatoka wakiitwa Murabitun, na dola ikasimama kutoka jangwani hadi Andalusia.

Kisa hiki ni kitamu, na wasimuliaji wetu hukitoa, wakijua au wasijue, katika Rawdh al-Qirtas cha Ibn Abi Zar', kitabu ambacho habari zake zinaishia mwaka 726H. Abdallah aliuawa vitani dhidi ya Barghawata mwaka 451H (1059). Kati yake na mwandishi huyo pana miaka 275. Ama Abu Ubaid al-Bakri wa Andalusia, aliyeandika mwaka 460H, miaka tisa tu baada ya kifo hicho, kisiwa hakimo kabisa katika maelezo yake. Kilichomo ni mji wa Aratnanna, ambao Abdallah aliamuru usiwe na nyumba iliyo ndefu kuliko nyingine. Kilichomo zaidi ni fatwa zake, na hizo ndizo mimbari zinazozipita kimya.

Anaeleza al-Bakri kwamba mtu alipojiunga nao akiwa ametubia, aliambiwa kuwa bila shaka katika ujana wake ametenda madhambi mengi, kwa hiyo hana budi kusafishwa. Akachapwa viboko mia kwa zinaa, themanini kwa kusingizia watu zinaa, themanini kwa ulevi, na pengine zaidi. Aliyechelewa sala ya jamaa alichapwa ishirini, na aliyekosa rakaa moja alichapwa vitano. Kabla ya kusali adhuhuri na imamu aliamrishwa asali kwanza rakaa nne peke yake, kulipa zile alizoziacha zamani. Na mali iliyochanganyika halali na haramu ilitolewa theluthi, ikisemwa kwamba theluthi mbili zinazobaki zimetakasika.

Je, watu hawa walikuwa Waislamu au makafiri? Hukumu zote hizi zinasimama au kuanguka juu ya jibu la suali hili. Ikiwa walikuwa makafiri wanaosilimu, basi Hadithi ya Amr bin al-As katika Sahih Muslim imekwisha kukata maneno: Uislamu unayafuta yaliyoutangulia. Hakuna kiboko kwa yaliyopita wala kadha ya sala. Na ikiwa walikuwa Waislamu wajinga na waasi, jambo lililo karibu zaidi na ukweli, kwani mkubwa wao alitoka Hija, basi kadha ya sala inawalazimu kwa kauli ya jumhuri, Maliki na Shafi katika hao. Lakini hapo ndipo hadi haiwezi kusimamishwa ila kwa ushahidi au ikrari ya mtu mwenyewe. Maiz alikwenda kwa miguu yake kukiri, na Mtume (s.a.w.) akampa mgongo mara kwa mara. Itakuwaje basi mtu achapwe mia kwa dhana ya kwamba kila kijana hakosi?

Wako wanaomtetea kwa kusema kuwa hivyo vilikuwa viboko vya taaziri. Utetezi huu una uzito, tusiupuuze. Imamu Malik anamruhusu mtawala kuzidisha taaziri hata kupita kiwango cha hadi, akiona maslaha, jambo ambalo sisi tuliokulia katika Minhaj tutalikataa, kwa kuwa Shafi haifikishi taaziri kwenye hadi. Na kuna dalili inayoupa nguvu: al-Bakri anataja mia kwa mzinifu bila kutuambia kwamba aliulizwa kama ana mke au hana; lau ingekuwa hadi hasa, suali hilo lisingeachwa. Hata hivyo taaziri nayo ni adhabu ya kosa lililothibiti. Malik alipanua kiwango cha adhabu, hakuondoa sharti la kosa kujulikana.

Ama theluthi ya mali, nadhani najua ilikotoka. Katika Muwatta imo habari ya Abu Lubaba, aliyetaka kutoa mali yake yote kuwa sadaka alipokubaliwa toba yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia inamtosha theluthi. Mwanafunzi wa Kimaliki asingekosa kuisoma. Lakini Abu Lubaba alikuwa anapunguziwa. Hawa walikuwa wanatozwa. Mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe akijulikana, na asipojulikana hutolewa yote. Kuchukua theluthi moja kunamdhulumu mwenye mali ikiwa yote ni halali, na kunamhalalishia haramu ikiwa nusu yake ni ya watu.

Ni kweli al-Bakri hakuvuka bahari kwenda kuyaona. Alikusanya habari akiwa Andalusia, na jicho lake kwa watu wa jangwani ni jicho la mtu wa mjini. Kwamba anaukejeli ujuzi wa Abdallah kunadhihirika katika kisa cha mfanyabiashara aliyesema "hasha lillahi" akijitetea. Abdallah akaamuru apigwe, akiona amelitaja jina la Mungu kwa neno baya, mpaka mtu wa Qairawan akamkumbusha kuwa neno hilo limo katika Suratu Yusuf, vinywani mwa wanawake waliojikata mikono. Kisa cha namna hii huongezewa chumvi njiani. Lakini al-Bakri huyu huyu anatuhadithia kuwa Abdallah alimchapa amiri wake Yahya bin Umar viboko kwa kuihatarisha nafsi yake vitani, na hilo halisemwi na mtu anayetaka kumchafua tu. Kadhi Iyadh naye amemsifu katika Tartib al-Madarik. Ikhlasi yake hatuitilii shaka.

Linalouma zaidi ni la Jawhar bin Sakkum. Huyu alikuwa faqihi wa Gudala, aliyeona hukumu za Abdallah zinapingana. Yeye na wenzake walimtoa Abdallah katika shura, wakambomolea nyumba. Hapo walikosea, kwani hoja haijibiwi kwa shoka. Wajjaj akaandika kwamba anayempinga Abdallah ametoka katika jamaa na damu yake haina kisasi. Abdallah akarudi, wapinzani wakauawa, na suali la Jawhar likazikwa nao bila jibu.

Haikufika miaka themanini tangu kifo cha Abdallah, Ibn Tumart, Mberberi wa Masmuda, akasimama kule kule Maghrib akawaita Murabitun wenye kumfananisha Mwenyezi Mungu na viumbe, akahalalisha damu zao. Wallahu aalam.