Hojaji na Neno la Sokoni: Kupima Huzuni Fizi na Baraka

Saikolojia ilijitenga na falsafa Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879. Lakini mtafiti afikapo Baraka, chombo chake ni hojaji, yaani lugha. Orodha ya dalili ya Hopkins, iliyoundwa Marekani, ilitumika Kivu Kusini katika jaribio la tiba lililochapishwa mwaka 2013. Mfasiri wa orodha kama hiyo akichagua “sonona”, istilahi ya wasomi wa Tanzania, Mbembe wa Fizi atajibu asichokielewa. Akichagua “huzuni”, msiba wa juzi utahesabiwa ugonjwa. Na “moyo unauma”, je, ni kifua au majonzi? Kurudisha tafsiri katika lugha ya asili (njia isifiwayo mno) hakuondoi kasoro hiyo: wafasiri wawili wasomi huafikiana kwa urahisi juu ya neno lisilosikika sokoni. Mahojiano huru, kwa Kibembe pia, yatangulie hojaji.