Fundi Mmoja, Safari Moja: DirecTV Ilivyoihama MPEG-2

Septemba 2004 kampuni ya DirecTV ya Marekani ilitoa ahadi ambayo mitambo iliyokuwa nayo isingeweza kuitimiza: ifikapo 2007 ingekuwa na uwezo wa kurusha chaneli 1,500 za HD za vituo vya miji, pamoja na nyingine 150 za nchi nzima. Wakati huo chaneli zake za HD zilikuwa chache mno. Wanaosimulia habari hii mara nyingi huanza na kumaliza na ubanaji wa video, kwamba MPEG-4 ilikuja, ikakata nusu ya data, mambo yakanyooka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Ugumu ulikuwa juu ya mapaa ya wateja na nyuma ya televisheni zao, na huko ndiko uamuzi mzuri kuliko yote ulikofanyika.

Turudi nyuma kidogo. DirecTV ilianza kuuza huduma Juni 1994, kwa dishi la sentimita 45 ambalo wakati ule lilikuwa kioja, maana watu walizoea madishi makubwa ya kujaza ua. Iliwahi sana, kiasi kwamba kiwango cha kubana video cha MPEG-2 chenyewe kilikuwa hakijakamilika kuandikwa. Ndiyo sababu hata pakiti za data za mfumo wake ni za baiti 130, ilhali dunia nzima baadaye ilikubaliana baiti 188. Kila transponda ya setilaiti ilibeba takriban megabiti 30 kwa sekunde. Kwa picha ya kawaida, SD, hizo zilitosha chaneli zaidi ya 10. HD kwa MPEG-2 inataka megabiti 15 hadi 19 ili ionekane vizuri, hivyo transponda nzima inaishia kwenye chaneli mbili. Kampuni ikajaribu kubana zaidi kwa kupunguza upana wa picha kutoka pikseli 1920 hadi 1280, na wateja wenye televisheni kubwa wakaiona tofauti na kulalamika.

Sasa piga hesabu. Soko la televisheni la Marekani limegawanywa katika maeneo 210, na katika kila eneo mtazamaji anataka vituo vyake vya pale pale, vyenye habari za mji wake na mechi za timu yake. Chukua vituo vinne tu kwa kila eneo, kila kimoja megabiti 15. Unapata megabiti 12,600 kwa sekunde, sawa na transponda 420. DirecTV ilikuwa na masafa ya transponda 46: 32 kwenye nyuzi 101 magharibi, tatu kwenye 110, na 11 kwenye 119. Miale finyu ya setilaiti, ile inayolenga eneo dogo ili masafa yale yale yatumike tena mji mwingine, ilisaidia, lakini pengo lilikuwa kubwa mno.

Hapo ndipo kiwango kipya, H.264, ambacho watu hukiita MPEG-4, kinapoingia. Kilipitishwa Mei 2003. Ubora wake unaonekana vizuri kwenye mechi ya mpira. MPEG-2 huigawa fremu katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, kisha huuliza kila mraba ulikuwa wapi kwenye fremu ya jirani. Kwa nyasi zinazosogea pamoja kamera inapogeuka, swali hilo linajibika kirahisi. Shida ni mguu wa mchezaji unaopita juu ya nyasi: mraba mmoja una kiatu na majani, na kila kimoja kinakwenda upande wake. H.264 inaruhusu mraba huo ukatwe hadi vipande vya pikseli 4 kwa 4, kila kipande kifuatwe peke yake. Isitoshe, inaweza kutafuta mfanano katika fremu kadhaa za nyuma, kwa hiyo mchezaji akipita mbele ya tangazo la uwanjani, maandishi yaliyofichika kwa muda hayatumwi upya. Mwishoni huwekwa kichujio cha kulainisha mipaka ya miraba, kile kinachoondoa vigaegae tulivyozoea kuviona picha inapokwenda kasi. Kwa ubora ule ule, data hupungua karibu nusu.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Kiwango kinaelekeza king'amuzi kisome vipi. Namna ya kubana kimewaachia wahandisi. Mitambo ya kwanza ya kubana H.264 haikuwa mizuri sana, lakini kila ilipobadilishwa kule kwenye kituo cha kurushia, picha iliboreka katika king'amuzi kile kile sebuleni, bila mteja kugusa kitu. Kampuni iliyokubali kuhama mapema ilikuwa inanunua pia maboresho ya miaka ijayo.

Hata hivyo nusu ya transponda 420 ni 210. Ubanaji peke yake haukufika. Ilibidi masafa mapya yapatikane, na yalipatikana katika bendi ya Ka, kati ya gigahezi 18 na 20 hivi, juu ya bendi ya Ku ya gigahezi 12 iliyokuwa ikitumika. Ilibidi pia urushaji wenyewe ubadilike, kwa mbinu za kiwango cha DVB-S2 zinazopitisha karibu asilimia 30 ya data zaidi katika masafa yale yale. Kiini cha DVB-S2 ni misimbo ya kusahihisha makosa iliyobuniwa na Robert Gallager huko MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikakaa kando kwa miongo kwa sababu mashine za kuifumbua hazikuwapo. Toleo lililoingizwa kwenye DVB-S2 lilitoka Hughes, nyumba ile ile iliyoizaa DirecTV.

Setilaiti za Ka zilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Spaceway 1 na Spaceway 2 zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya intaneti, zikiwa na mitambo ya kuelekeza data kule kule angani. DirecTV ilizichukua, mitambo hiyo ikaachwa bila kazi, zikageuzwa kuwa virushio vya vituo vya miji. Ya kwanza iliruka Aprili 2005, ya pili Novemba mwaka huo huo, na kufikia mwisho wa 2005 chaneli za kwanza za MPEG-4 zilikuwa hewani, Detroit ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo.

Uamuzi ninaousifu ni huu: DirecTV ilikataa kubadilisha vitu hivi kimoja kimoja. Ubanaji mpya, urushaji mpya, bendi mpya, dishi jipya na king'amuzi kipya vilifungwa pamoja katika ziara moja ya fundi. Mteja aliyetaka HD ya mji wake alipelekewa dishi pana lenye vipokezi (LNB) vya kuona nafasi tano za angani, na king'amuzi H20, au HR20 chenye kurekodi kuanzia 2006. Asiyetaka HD hakuguswa. SD yake iliendelea kwa MPEG-2 kama jana. Safari ya fundi ndiyo gharama kubwa isiyopungua katika biashara hii, kwani inakula mshahara, gari, mafuta na nusu siku ya mteja anayesubiri nyumbani. Kampuni ambayo ingempeleka fundi mwaka huu kwa king'amuzi na mwaka ujao kwa dishi ingelipa mara mbili kwa kila nyumba.

Lakini tazama jinsi kazi ilivyokuwa nyeti huko nyuma ya televisheni. Waya wa koaksi uliokwisha kupitishwa ukutani ulibeba mawimbi ya Ku kati ya megahezi 950 na 1450. Bendi ya Ka ilikuwa na mapande mawili. Pande moja liliwekwa juu, megahezi 1650 hadi 2150. Lililobaki likashushwa chini, 250 hadi 750, mahali ambapo ving'amuzi vya mwanzo havikuweza kusoma. Dawa ilikuwa kidude kidogo kilichoitwa B-Band Converter, kinachofungwa nyuma ya king'amuzi, kimoja kwa kila waya unaoingia, ili kuyapandisha mawimbi hayo hadi 950. Spaceway zilitumia pande la juu. Kwa hiyo nyumba ambayo fundi hakufunga vidude hivyo, au mwenye nyumba alivitoa akidhani havina kazi, ilitazama vituo vya mji wake mwaka mzima bila tatizo. Kisha DirecTV 10, iliyorushwa kutoka Baikonur Julai 2007, ikaanza kutumia pande la chini. Tarehe 26 Septemba chaneli mpya za nchi nzima zikawashwa, na nyumba hizo zikaona ujumbe wa kutafuta mawimbi ya setilaiti. Mabilioni ya dola yalikuwa angani, yakisimamishwa na kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Baadaye dishi lenye mfumo wa waya mmoja liliondoa hitaji hilo.

Ratiba nayo haikwenda sawasawa. Januari 2007 roketi ya Zenit ya Sea Launch ililipuka kwenye jukwaa lake baharini ikiwa na setilaiti ya kampuni nyingine, na DirecTV 11, iliyokuwa ipande roketi ya aina hiyo, ikangoja hadi Machi 2008.

Halafu kuna suala la nani mwenye king'amuzi. Mwaka 2004 wapenzi wa HD walikuwa wamenunua HR10-250, mashine ya TiVo ya kurekodi, kwa karibu dola 1,000. Haikuweza kufumbua MPEG-4, wala programu mpya isingeisaidia, kwani chipu yake haikutengenezwa kwa hesabu hizo. Watu hao walikuwa na haki ya kukasirika. Machi 2006 DirecTV iliacha kuuza ving'amuzi, ikaanza kuvikodisha. Wengi waliiona kama njia ya kuwakamua wateja, na ada za kila mwezi zinawapa hoja. Lakini kiufundi ilikuwa na maana: kifaa kikiwa mali ya kampuni, kampuni ndiyo inayobeba hasara kikipitwa na wakati, na ndiyo yenye uwezo wa kukibadilisha.

Mshindani wake, Dish Network, aligawa kwa jiografia. Mwaka 2008 aliweka wateja wa mashariki kwenye kundi la setilaiti la nyuzi 61.5, 72.7 na 77, kila kitu kikiwa MPEG-4, huku magharibi MPEG-2 ikiendelea kwa SD. Aliyejiunga upya mashariki alipata mfumo safi, ila kampuni ikabaki ikiendesha nyumba mbili. Anayeanza bila wateja wa zamani hana mzigo huo kabisa: Azam TV ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2013 ilianzia kwenye MPEG-4 moja kwa moja.

DirecTV ililipia mzigo wake kwa muda. Chaneli zilizokuwa na HD zilirushwa mara mbili, SD kwa MPEG-2 na HD kwa MPEG-4, na SD hiyo ilizimwa 2019, miaka 14 baada ya MPEG-4 kuanza. Kwa miaka hiyo yote sehemu kubwa ya masafa ya Ku ilishikiliwa na nakala za picha ambazo ving'amuzi vipya havikuzihitaji. Hiyo ndiyo bei ya kutomlazimisha mtu, na naiona bei ya haki.

Kiwango kilichofuata, HEVC, kilipitishwa 2013 na kinaahidi tena kukata nusu. DirecTV inakitumia kwa 4K, ambayo ilipata chaneli zake za moja kwa moja 2016. HD haikuhamishwa. Mamilioni ya ving'amuzi vya H.264 yangehitaji fundi mwingine, wakati wateja wa setilaiti walikuwa wakipungua na kuzimwa kwa SD kulikuwa kunaachia masafa. Novemba 2018 AT&T, mmiliki wake wakati huo, ilisema haitajenga tena setilaiti za televisheni; T16, iliyokwisha kuagizwa, ikaruka Juni 2019. Mwaka 2004 kampuni ilikuwa na chaneli nyingi za kurusha na haina pa kuziweka. Safari hii nafasi ipo, na hakuna chaneli za kuijaza zinazotosha kulipia safari ya fundi.