Shaba Inayodumu Kuliko Prosesa

Kompyuta ya mezani ya siku hizi huuzwa kwa macho. Ubavu wa kasha ni kioo, na mara nyingi hata uso wake, mahali palipokuwa na matundu ya kuvutia hewa, umezibwa kwa kioo ili taa za rangi zilizomo ndani zionekane vizuri. Mnunuzi hutajiwa kasi ya prosesa, ukubwa wa memori na toleo la kadi ya picha. Habari ya joto haambiwi, naye haulizi. Kipoza, kile chuma chenye mapezi na feni kinachokaa juu ya prosesa, huja bure ndani ya boksi la prosesa, au hutafutwa mwisho kabisa kwa fedha iliyobaki, na kikichaguliwa kwa makusudi, huchaguliwa kwa rangi ya taa zake. Hili nalihesabu kuwa hasara. Ndani ya kasha lile hakuna kifaa kingine kilichobeba ufundi wa mkono na jicho kwa kiasi hicho, na hakuna kingine kinachoweza kutumika miaka ishirini. Kukichagua kulikuwa kazi ya kupima na kulinganisha, na kazi hiyo inatutoka bila hata kuagwa.

Uzembe huu una chimbuko, na chimbuko lenyewe ni jambo jema. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zilizovuliwa vipoza zikiwa kazini. Athlon ya AMD iliungua ndani ya sekunde chache. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, ikaendelea kuishi. Baada ya hapo watengenezaji wote waliipa prosesa uwezo wa kujilinda: ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe, na ikibidi huzima. Zamani fundi aliyekosea kufunga kipoza alionyeshwa kosa lake papo hapo, kwa moshi. Leo halipi chochote. Mashine inawaka, programu zinafunguka, mwenye mali anashukuru na kwenda zake, hajui kwamba prosesa aliyoinunua kwa bei kubwa inafanya kazi chini ya uwezo wake kila inapopewa mzigo mzito. Kosa halikuondoka, limefichwa tu, na ufundi ambao ukikosewa hauonekani ni rahisi sana kudharauliwa.

Tazama basi kinachodharauliwa. Kiini cha kipoza kizuri cha hewa ni mirija ya shaba, mingi ikiwa na unene wa milimita 6, iliyozibwa ncha zote mbili. Ndani yake hewa imenyonywa na yamebaki maji kidogo sana. Kwa kuwa shinikizo ni dogo, maji hayo huchemka kwenye joto ambalo sufuriani yasingechemka kamwe. Upande unaogusa prosesa yanageuka mvuke. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unagusa ubaridi na kurudi kuwa maji, kama matone yanayojikusanya kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Kisha maji yanarudi yalikotoka, hata kwa kupanda, kwa sababu ukuta wa ndani wa mrija umepakwa unga wa shaba uliookwa mpaka ukashikamana na kubaki na vinyweleo vya kufyonza. Hakuna pampu wala umeme, na hakuna sehemu inayosuguana na nyingine. Mrija wa namna hii hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko kipande cha shaba tupu cha unene uleule. Richard Gaugler wa General Motors alipata hataza ya wazo hili mwaka 1944, likakaa bila kutumika. George Grover aliliibua upya huko Los Alamos mwaka 1963, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa vyombo vya anga. Bomba kubwa la mafuta la Alaska, lililokamilika mwaka 1977, limesimama kwa sehemu juu ya nguzo zenye mirija ya namna hiyo zaidi ya 100,000 inayozuia ardhi iliyoganda isiyeyuke. Kitu kilichotumwa angani na kulinda ardhi ya barafu, leo kinanunuliwa dukani kwa bei ya viatu, na anayekiuza anataja rangi ya feni.

Lakini mirija ni mwanzo tu. Ipo namna ya kuyashikisha mapezi ya alumini kwenye mirija, kwa kuyabana tu au kwa kuyalehemu, na anayelehemu vizuri anaziba nafasi ambazo joto lingekwama. Upo umbali kati ya pezi na pezi: yakisongamana feni italazimika kupiga kelele ili kuipenyeza hewa, yakiachana sana eneo la kutolea joto linapungua. Halafu kuna kitako, na hapa naomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo ufundi unapofikia kilele chake na ndipo pasipoonekana kabisa. Mtu hudhani kuwa uso wa prosesa ni bapa na kitako cha kipoza ni bapa, vikutane na kazi iishe. Sivyo. Soketi, yaani kikalio cha prosesa, ya LGA1700 ambayo Intel waliitoa mwaka 2021 hubana prosesa katikati ya kingo zake, na kwa kuwa prosesa zake ni ndefu kuliko upana wake, hupinda kidogo na kuacha bonde mahali hasa joto linapozaliwa. Kitako bapa kikikaa juu ya bonde, nafasi inajazwa na pesti ya kupitishia joto, na pesti hiyo, hata ile ya bei kali, hupitisha joto mara 30 chini ya shaba au zaidi. Prosesa za AMD za soketi ya AM5 hazina bonde la namna hiyo. Kwa hiyo Noctua, kampuni ya Austria, ilipotoa kipoza chake NH-D15 G2 mwaka 2024, ilikitengeneza kwa vitako vya aina tatu: chenye mbinuko mkubwa kwa prosesa zilizopinda, chenye mbinuko mdogo kwa zile bapa, na cha kati kwa asiyetaka kuumiza kichwa. Ukiviweka vitatu hivyo mezani, jicho halitavitofautisha. Kampuni hiyohiyo hutengeneza pia vipande vya kufungia vinavyokisogeza kipoza milimita 7 kando kwenye AM5, kwa kuwa vipande vya silikoni vinavyotoa joto jingi havikai katikati ya kifuniko cha prosesa bali karibu na ukingo mmoja. Faida yake ni nyuzi 1 hadi 3. Kuna mtu aliyeona kuwa nyuzi 2 zinastahili kutengenezewa kipande cha chuma, na mimi namheshimu mtu huyo.

Feni nayo ina siri yake. Ukiupunguza mzunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa desibeli zipatazo 15, tofauti kubwa sana sikioni. Ndiyo maana kipoza kikubwa chenye feni pana inayozunguka polepole hukishinda kidogo chenye feni inayolia, hata kama vyote viwili vinashusha nyuzi zilezile. Feni ya Noctua ya NF-A12x25 ya mwaka 2018 ina nafasi ya nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga yake na fremu, ili hewa isirudi nyuma. Kwa kuwa plastiki ya kawaida huvutika kidogo kidogo kwa miaka ya kuzunguka, mapanga hayo yangekwaruza fremu siku moja. Ilibidi itumike plastiki nyingine ngumu zaidi. Haya yote yamefanywa ili mtu akae mbele ya mashine yake asisikie kitu.

Mchaguzi wa kipoza, akiwa na ufundi huu mbele yake, ana kazi ya kuulinganisha na mashine aliyonayo, na namba iliyoandikwa kwenye boksi haimtoshi. Core i9-14900K hutajwa kuwa ya wati 125, lakini kwenye mzigo mkubwa Intel wenyewe wameiruhusu ifike 253. Ryzen 7 7800X3D ya AMD hutajwa kuwa ya wati 120, ilhali kwenye michezo ambayo watu huinunulia kwa kawaida haifiki hata 100. Anayefuata namba za boksi atainunulia ya kwanza kipoza kisichoiweza, na ya pili atainunulia kikubwa kuliko haja yake. Kisha kuna hewa. Kipoza hakishushi joto chini ya joto la hewa inayokizunguka, hata kiwe cha bei gani. Vipimo vingi vinavyosomwa hufanyika Ulaya na Marekani katika vyumba vyenye nyuzi 20 na kidogo. Kama kipoza kinaiacha prosesa ipande nyuzi 45 juu ya joto la chumba, kule itasimama kwenye 66; Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kikiwa na nyuzi 32, mashine hiyohiyo itafika 77, na hapo hatujahesabu hewa iliyokwama nyuma ya kioo wala vumbi lililojaa katikati ya mapezi. Msomaji wa pwani anayenakili ushauri wa London bila kuongeza nyuzi zake ananunua kipoza cha London. Baada ya hapo ndipo yafuate maswali ya kipimo cha rula: mnara, yaani kipoza kirefu cha hewa, wa milimita 165 utaingia ndani ya kasha? Feni ya mbele itazigonga memori ndefu? Hayo hayana ugumu, yanataka subira tu.

Zipo hoja za kunipinga na baadhi zina uzito. Ya kwanza inasema prosesa za leo zimeumbwa kuishi na joto: AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walieleza kuwa nyuzi 95 ni hali ya kawaida kwenye kazi nzito, basi kuhangaika kwa nini? Ni kweli haitaungua. Lakini kama prosesa imepangiwa kupanda mpaka 95 kila ikipata nafasi, kipoza hakiamui tena joto lake, kinaamua ni kazi kiasi gani itakayofanywa kabla ya kufika hapo, na kwa kelele kiasi gani. Kwa mtu wa barua na mahesabu ya ofisini tofauti haipo, na kipoza cha bure kinamtosha. Simwambii anunue kingine. Kwa anayehariri filamu kwa saa nzima, ipo. Ya pili ni ya wapenzi wa kupoza kwa maji. Hao nawakubalia sehemu: rejeta ya milimita 360 huishinda minara ya hewa kwenye prosesa zinazokula wati 250, na kuna makasha membamba yasiyopokea mnara. Hata hivyo maji hayamalizi joto, hulihamisha tu hadi kwenye rejeta, na huko hupozwa na hewa kama kawaida. Katikati inawekwa pampu inayochakaa, na mabomba ambayo kimiminika hupenya polepole kwa miaka hata pasipo kuvuja. Kwa mashine nyingi, zenye prosesa za wati 65 hadi 120, huko ni kununua kifaa kitakachokufa ili kufanya kazi ya kifaa kisichokufa. Ya tatu ni bei, na hiyo imejibiwa na soko lenyewe. Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, kampuni ya Taiwan, ina minara miwili, mirija sita na feni mbili, na imekuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 40, ikiachwa nyuzi chache tu na vipoza vya zaidi ya dola 100. Anayesema ufundi huu ni wa matajiri hajatazama rafu kwa miaka kadhaa.

Nilisema miaka ishirini na sikutia chumvi. Kipoza cha NH-D14 cha Noctua kilitoka mwaka 2009, wakati soketi za leo hazijafikiriwa. Noctua wameendelea kutoa vifungio vipya kila soketi inapobadilika, na anayethibitisha kuwa alinunua kipoza chao wamekuwa wakimpa bila malipo. Kwa hiyo mnara wa mwaka 2009 unaweza kukaa juu ya prosesa ya AM5 ya mwaka 2022, kizazi baada ya kizazi cha silikoni kikiwa kimepita chini yake. Maji yaliyomo ndani ya mirija hayaishi, shaba haichoki, na feni ikianza kulia hubadilishwa yenyewe kwa vibanio viwili vya waya na plagi. Sijui kifaa kingine cha kompyuta kinachomheshimu mnunuzi kwa kiwango hiki, kinachomchukulia kuwa mtu atakayekuwapo kesho akiwa bado anakitumia.

Hata hivyo nafasi ya kuchagua inazidi kufinyika. Mashine nyingi zinazofika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi ni za ofisi, zimetumika Ulaya na kuuzwa tena, ni imara na za bei nafuu, na mafundi wetu wanajua kuzifufua. Kampuni kubwa zilizozitengeneza, katika matoleo mengi, zimeweka madabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, za umbo lao, matundu ya skrubu ya vipimo vyao na plagi ya feni isiyofanana na ya wengine. Fundi akikuta feni inalia, anapuliza vumbi, anafuta pesti iliyokauka, anapaka mpya, na hapo ufundi wake umegota ukutani, kwa sababu hakuna mnara wa dukani utakaokaa juu ya matundu yale bila kuchonga chuma. Madabodi ikifa, kipoza kilichofanyiwa vipimo vya mashine ile moja hutupwa pamoja nayo, na shaba iliyomo haina kasoro yoyote.