Hoto, Tambi Zinazopikwa Ndani ya Supu Yake

Tambi nyingi za Japani hupikwa kwa kutenganisha. Udoni hukandwa kwa maji ya chumvi, huachwa donge lilale, huchemshwa kwenye maji yake peke yake na kusuuzwa hadi iteleze, ndipo ikutanishwe na supu iliyoivia kwingine. Rameni nayo hujengwa bakulini tabaka kwa tabaka, na nyama hupangwa juu ili ionekane. Hoto, chakula cha nyumbani cha mkoa wa Yamanashi, haifuati utaratibu huo, na uzuri wake wa kifani umo humo.

Tuanze na unga. Gramu 400 za unga wa ngano na maji kama mililita 200 zinawatosha watu wanne. Chumvi haitiwi. Katika udoni, chumvi hukaza donge, kisha sehemu yake kubwa huchujukia kwenye maji ya kuchemshia, nayo humwagwa. Hoto haina maji ya kumwaga. Kila kilichomo ndani ya tambi kitaishia kwenye supu, kwa hiyo kukosekana kwa chumvi ndilo sharti linaloshikilia muundo mzima. Donge husukumwa, hukunjwa, hukatwa vipande bapa vyenye upana wa sentimita 1 hivi, na unga mkavu ulionyunyizwa ili visigandane haukung'utwi. Tambi huingia mbichi, na unga wake, katika supu inayochemka. Baada ya dakika kumi na kitu supu imekuwa rojo. Anayekung'uta unga huo kwa kupenda usafi amekiua chakula kabla hakijaanza.

Katika sufuria hii mhusika mkuu ni boga. Huingia mapema, likiwa na ganda lake. Nyama yake humeguka pembeni, ikaipa supu rangi na utamu, huku ganda likikishikilia kipande kisisambaratike. Kiungo kimoja kinafanya kazi mbili: ni kitu cha kutafuna na pia ni mchuzi wenyewe. Magimbi, uyoga, karoti na vitunguu majani ni wasindikizaji wazuri, lakini hakuna kati yao anayeweza hilo. Miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, mimi huitaka itiwe mara mbili: nusu mapema ili mboga zikolee, nusu mwishoni kwa sababu harufu yake hutoroka na mvuke.

Simulizi maarufu humhusisha Takeda Shingen, mbabe wa vita wa karne ya 16, na hoto kama chakula cha askari wake. Fani yenyewe inanipeleka kwingine. Kibao cha kusukumia, mboga za bustani, sufuria moja inayojipika huku mpishi ana kazi nyingine: naona hapa nyumba za milimani, penye mashamba machache ya mpunga, ngano ya kutosha na viwavi vya hariri vya kulishwa majani ya mforosadi. Ndiyo maana mikahawa inayoilundikia juu vipande vya bata au nguruwe hunipa shaka. Imerudisha onyesho la rameni mahali ambapo hakuna kilichokusudiwa kukaa juu.

Wenyeji wengi huisifu zaidi hoto ya siku ya pili, iliyopashwa moto, tambi zikiwa zimekatikakatika na boga limetoweka ndani ya rojo. Nawaelewa, maana wanaifuata kanuni ya chakula hiki hadi mwisho wake. Lakini kilele chake nakiona mapema zaidi, wakati kingo za tambi zimeyeyuka na kiini bado kinashindana na meno. Hapo ulimi unapata tambi na supu kwa pamoja na bado unaweza kuzitofautisha. Kesho yake ushindani huo umekwisha, na mimi naukosa.