Mstari Mwekundu

Mtaalamu wa maabara anageuza pakiti ya kipimo cha haraka cha malaria, anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, ndipo anaichana. Tuko kwenye zahanati huku Mtumba, upepo unapenyeza vumbi la Mji wa Serikali chini ya mlango. Mgonjwa ni fundi ujenzi mwenye homa; juzi karudi kutoka Geita. Geita ya dhahabu, ila yeye alikwenda kuzika.

"Kaka, ugali unakula kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Basi nipe wa kushoto."

Anafuta kidole cha pete kwa pamba ya spiriti, kisha anatulia. Wengi huharakisha hapa: spiriti isipokauka, damu hutawanyika badala ya kusimama tone. Anachoma pembeni mwa ncha, pasipouma sana, na lanseti inatumbukia kwenye kasha la taka kali. Mikrolita 5 za damu zinaingia tundu la kwanza. La pili linapewa matone ya dawa, chupa ikiwa wima ili matone yalingane. Anaandika saa juu ya kipimo.

Damu inatambaa kwenye utepe, na njiani inazoa dhahabu. Dhahabu kweli: chembe za nanomita 40 hivi, ambazo 25,000 zikipangwa bega kwa bega zinatimiza milimita moja. Michael Faraday alieleza mwaka 1857 kwamba dhahabu ikiwa chembe ndogo mno huonekana nyekundu. Wanaozitengeneza huchemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, ya manjano yaliyopauka, humimina sitreti huku wakikoroga. Maji huiva zambarau, halafu mekundu kama juisi ya rozela.

Kisha huzivisha kingamwili, protini inayonasa protini ya vimelea vya malaria. Kujua kama vazi limetosha, huchota kidogo na kutia chumvi ya kawaida. Yakibaki mekundu, chembe zimefunikwa. Yakigeuka buluu, zilikuwa uchi, zimegandamana. Jaribio hili dogo mimi nalipenda kuliko yote.

Dakika 15. Fundi anachungulia mara tatu. Mtaalamu hata mara moja. Saa ikitimia anakisogeza kipimo dirishani. Kwenye C, panapothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, mstari umekolea. Kwenye T, panapoonyesha malaria, kuna mwingine, mwembamba kama uzi.

"Umefifia sana," fundi anasema.

"Hata ukififia, kaka, ni mstari."

Anachukua kalamu.