"Haijajaribiwa": Kusoma Tangazo la Kamera Kuukuu

Wahakiki tumezoea riwaya, mashairi na tamthilia. Leo hebu tuchambue utungo mfupi zaidi, wa maneno hamsini au sitini hivi, ambao kazi yake ni kukutoa pesa mfukoni: tangazo la kuuza kamera kuukuu ya filamu, zile za SLR ambazo unatazama kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo. eBay imejaa matangazo haya, na wapo wanaoyasoma usiku kucha kama wengine wanavyosoma riwaya za mapenzi.

Cha ajabu ni kwamba waliotuandikia vitabu vikubwa juu ya picha waliupita utungo huu. Roland Barthes, katika La Chambre claire (1980), anataja watu watatu: anayepiga picha, anayepigwa na anayeitazama. Mwenyewe anakiri kuwa si mpiga picha. Muuzaji na mnunuzi wa kamera hawamo. Susan Sontag alisogea karibu kidogo katika On Photography (1977), maana aligusia lugha ya matangazo ya kamera, lakini zilikuwa kamera mpya. Tangazo la kamera mpya huahidi tu. La kamera kuukuu lina kazi ngumu zaidi: lieleze mwili uliozeeka bila kumkimbiza mnunuzi.

Neno kuu la utanzu huu ni "haijajaribiwa". Litazame kisarufi. Ni kitenzi cha kutendwa, na mtendaji kafichwa. Haijajaribiwa na nani? Chukua Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Shata yake haihitaji umeme. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Kuijaribu hakutaki filamu wala fundi: fungua mgongo, vuta wenzo, bonyeza, tazama pazia likifunguka na kufunga. Dakika moja imetosha. Sasa muuzaji mwenye kamera arobaini dukani akiandika "haijajaribiwa", ama ni mvivu, ama kajaribu na hakupenda alichokiona. Mimi huchukulia la pili.

Lakini tuwe waadilifu. Neno hilohilo likiandikwa na mtu anayeuza vitu vya marehemu baba yake, huwa kweli tupu. Utamjua kwa picha zake: kamera iko juu ya shuka la maua, na mkoba wa ngozi, mkanda wa shingoni na kijitabu cha maelezo vipo pembeni. Jina la lenzi halijui, kwa hiyo kanakili kila namba iliyochongwa mbele. Hapo ndipo bei nzuri hupatikana, ingawa hatari nayo ipo palepale.

Mbinu ya pili ni ukweli uliokatwa. "Shata inalia." Sawa, inalia; je, inafunguka kwa muda sahihi? "Sina betri ya kuijaribia." Hili utalisoma sana kwenye Canon AE-1 ya 1976, kamera ambayo bila betri haipigi kabisa. Betri yake ya volti 6 bado inauzwa, tena kwa bei ndogo. Anayetaka kuuza kwa bei ya juu akashindwa kununua betri anatuambia jambo.

Mbinu ya tatu ni chuku. Wauzaji wengi wa Japani hupanga alama za kujumlisha baada ya neno "bora", tano kwa mkupuo, kisha chini kwa herufi ndogo wanaandika kwamba kuna kuvu kidogo ndani ya lenzi. Hapo soma polepole, hasa wewe uliye Mombasa, Unguja au Muscat. Kuvu hutanda kama nyuzi za buibui, na ikikaa sana hula utando wa kioo. Kuisafisha hakurudishi kilicholiwa. Unyevu wa pwani utailisha. Mkoba wa ngozi nao hutunza unyevu, kwa hiyo usiifungie humo.

Lenzi inaitwa "adimu"? Basi jua kwamba lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ndiyo iliyouzwa pamoja na kamera nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Imejaa duniani. Sifa hizi za bure hupandisha hata bei ya kamera yenyewe. K1000 imesifiwa kama kamera ya wanafunzi mpaka imeingia katika orodha ya vitabu vya lazima, tuseme. Ilhali ndugu yake Pentax KM, ya 1975, ni karibu kamera ileile, tena ina kipima muda cha kujipiga mwenyewe ambacho K1000 iliondolewa. Nani anaitaja?

Tangazo zuri basi ni lipi? Ni lile linalotaja kasoro kwa jina. "Sponji za mlango zimegeuka utomvu" ni sentensi ninayoipenda, maana sponji hizo hubadilishwa nyumbani kwa gharama ndogo. "Mita imekufa" nayo si msiba. Simu yako inaweza kupima mwanga. Shata inayokwama kwenye sekunde 1 ni habari nyingine: fundi anaweza kukudai kuliko bei ya kamera. Mwandishi anayetenganisha mambo haya anaijua mashine yake na anakuheshimu.

Mtu atasema: kitu cha bei rahisi, kwa nini tujichoshe? Kwa sababu kamera ndiyo sehemu rahisi ya safari hii. Filamu ni picha 36 na imekwisha, kisha ulipie kusafisha na kuskani. Mikanda michache tu inaweza kuizidi kamera kwa gharama. Na mlango unaovujisha mwanga hautakuambia mapema. Utajua wiki kadhaa baadaye, harusi ya dada yako ikiwa imepitiwa na mistari myekundu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: nipigie picha ya lenzi ikiwa imeelekezwa dirishani, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Anayeituma siku hiyohiyo, nunua kwake. Anayejibu kwamba kamera ilikuwa ya mzee wake na aliipenda sana, mpe pole, kisha iombe ile picha tena.